Kigoma mpaka Ujerumani kusomea unesi: anza na lugha, hela ya ajenti kanunulie dagaa

Kila wiki napata meseji za watu wa nyumbani, wengine tumesoma wote, wengine hata siwajui wamepewa namba na shangazi, na swali ni lilelile, "dada, Ujerumani mtu anaingiaje?" Nimechoka kurekodi sauti za dakika nane nane kwaiyo naandika mara moja hapa, ukinitafuta ntakutumia hii usome. Mimi ni wa Ujiji, form four nimemalizia Kigoma, form six Tabora, saivi niko mwaka wa tatu wa mafunzo ya unesi kaskazini mwa Ujerumani. Njia nnayoijua vizuri ni hii wanaita Ausbildung, yaani unasoma darasani kidogo, unafanya kazi hospitali kidogo, na kila mwezi wanakulipa, kwa unesi ni miaka mitatu. Ya chuo kikuu ntaigusa kwa juu juu. Ya kuzamia siijui na usiniulize.

HATUA YA 1: LUGHA

Watu wengi wanaanza na pasipoti, wengine wanaanza na kuaga kabisa mtaa mzima. We anza na Kijerumani. Ngazi zao zinaenda A1, A2, B1, B2, C1, C2, na kwa mafunzo ya unesi bila B1 hawakuangalii, ila waajiri wengi wanataka B2, na hata wakikupokea na B1 utateseka maana mgonjwa mwenye maumivu saa tisa usiku haongei kama kitabu, anaongea kilugha cha kijijini kwao huku meno ya bandia yako kwenye kikombe.

A1 yote nilisoma kwenye simu, nimekaa kibarazani kwa bibi na kaunta buku langu, naongea peke yangu kwa sauti mpaka jirani akamuuliza bibi kama mjukuu wako amerogwa au vipi. Inawezekana kabisa, ila kuanzia A2 ni vizuri upate mwalimu, mi nikashuka Dar nikakaa kwa shangazi Mbagala nikawa naenda Goethe-Institut pale Upanga, nauli ya daladala tu ilikuwa inanimaliza. Hesabu mwaka mzima, ukiwahi zaidi shukuru. Anayekwambia miezi mitatu unaongea, mwambie akuongeleshe yeye kwanza.

Mtihani wa B1 una pande nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, kila upande unatakiwa upate 60 kati ya 100. Uzuri ni kwamba ukianguka upande mmoja unarudia huo tu, mi kusikiliza nilipata 52 nikalia siku nzima, mwezi uliofata nikarudia nikapita. Kwaiyo usikate tamaa, na pia usiweke bajeti ya mtihani mmoja, weka ya mtihani na nusu.

Na hizi der, die, das, vile vineno vya mbele ya jina vinavyoonyesha liko kundi gani, ambazo watu wanazilalamikia, jamani sisi tumezaliwa na ngeli. Mtoto wa miaka minne Ujiji anasema kiti kimevunjika viti vimevunjika mti umekatika miti imekatika bila kufundishwa na mtu, sasa makundi matatu tu yanakushinda? Kinachochanganya zaidi ni namba, 21 wao wanasema moja na ishirini, sasa akikutajia namba ya simu kwa spidi unaandika yote kinyumenyume. Maneno mawili unayo tayari bure, shule ni lao na hela ni lao, ile Heller ya enzi za mkoloni wa Kijerumani.

HATUA YA 2: AJENTI

Hapa ntakaa kidogo kwasababu panauma.

Mwaka mmoja kabla sijaondoka nilimpa jamaa mmoja Dar shilingi milioni moja na laki nane. Ilikuwa hela ya mama, mzigo wa mawese aliokusanya msimu mzima, dumu juu ya dumu, anauza kwa wanaopeleka Tabora na Shinyanga. Jamaa alikuwa na ofisi, ana bendera mezani, ana picha ya ndege ukutani, akaniambia ndani ya siku 60 una mkataba mkononi. Akanionyesha na tangazo la kazi la hospitali, limechapwa vizuri lina muhuri. Miezi minne baadae simu haipatikani. Kilichonichoma sio hela tu, ni kwamba baadae nilipojua kusoma Kijerumani nikalikuta tangazo lilelile mtandaoni, liko wazi kwa dunia nzima, halihitaji hata kujisajili. Niliuziwa kitu cha bure nikashukuru na mkono nikambusu.

Kwaiyo shika haya. Akisema lugha sio lazima, kimbia. Akidai hela ya "kununua nafasi" ubalozini, kimbia, miadi ya ubalozi haiuzwi, ada ya visa ya muda mrefu ni euro 75 na unailipa kwao wenyewe. Akikwambia umuachie pasipoti yako orijino akae nayo, hiyo hata usikimbie, we simama hapo mpaka akurudishie. Wapo waajiri wa kweli wanaolipia kozi ya lugha na mpaka tiketi, lakini hao hela inatoka kwao kuja kwako, haitoki kwako kwenda kwao, ukiona mto unapanda mlima jua kuna kitu.

Tovuti ya serikali yao inaitwa Make it in Germany, na nafasi za kazi na mafunzo ziko kwa Bundesagentur für Arbeit, hiyo ni ofisi yao ya ajira ya taifa. Zote bure.

HATUA YA 3: KARATASI ZA NYUMBANI

Wakati unasoma lugha, karatasi zinatembea pembeni. Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, halafu pasipoti. Pasipoti fomu unajaza mtandaoni, unapata kontrol namba, jumla ni 150,000, unaprinti unapeleka Uhamiaji na viambatanisho vyako. Mkoa wetu uko mpakani, Burundi hapo na Kongo ng'ambo ya ziwa, kwaiyo usishangae kuulizwa babu alizaliwa wapi na bibi alitokea wapi. Nenda na vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au viapo vyao mapema, usisubiri mpaka uambiwe kalete, maana kama kwenu ni Kakonko au Buhigwe hiyo "kalete" ni siku mbili na nauli.

Kitu kinachokwamisha watu wetu kuliko vyote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Zuhra, cha form four Zuhura, NIDA wameongeza jina la babu, na mwalimu wa darasa la saba aliandika anavyojua yeye. Sisi kwetu ni kitu kidogo, kila mtu anajua ni wewe, ila Mjerumani akiona herufi moja imezidi kwake hao ni watu wawili. Panga vyeti vyako vyote mezani leo usiku, soma jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa namba kwa namba. Ukikuta tofauti rekebisha ukiwa bado Kigoma, ukiwa na muda, sio wiki ya kuingia ubalozini.

Vyeti vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri anayetambulika nao, sio binamu yako anayejua Kiingereza. Cheti chako cha shule pia kinapelekwa kwenye ofisi ya jimbo unalokwenda wakaangalie kinalingana na kipi cha kwao, kila jimbo na ofisi yake na mwendo wake, mwajiri atakwambia ni ipi.

Na kadi ya chanjo jamani. Tangu 2020 wana sheria, anayefanya kazi hospitali kama kazaliwa baada ya 1970 lazima aonyeshe ana kinga ya surua, yaani dozi mbili. Kadi yangu ya kliniki ya utotoni panya walishakula kona, nikachanja upya. Homa ya ini B nayo wataiulizia.

HATUA YA 4: KUTAFUTA MKATABA

Unaandika mwenyewe. CV yao inaitwa Lebenslauf, iwe kurasa moja mbili, tarehe ziwe zimepangika bila mapengo, kama ulikaa nyumbani mwaka mzima unamsaidia mama sokoni Kibirizi andika hivohivo, kusaidia biashara ya familia, pengo wanaliogopa kuliko kazi ndogo. Barua andika ya kila hospitali peke yake, ukituma moja ileile kwa wote wanagundua kwasababu utasahau kubadilisha jina, mi nilishawahi kumwambia mtu wa mji mmoja navyoupenda mji mwingine. Nilituma barua 43. Zikajibiwa 6. Usaili nikapata 2.

Usaili wenyewe ulikuwa wa video. Nikaazima laptop, nikaweka bando, nikaazima na simu ya pili ya kuwashia intaneti umeme ukikatika, na kweli ukakatika dakika ya tano. Nikaendelea kwa simu. Jogoo wa jirani akawika katikati ya swali, mama mmoja wa upande wa pili akacheka akauliza huyo nani, nikajibu ni mfanyakazi mwenzangu, wakacheka wote, nikapumua. Halafu wakauliza kwa nini Ujerumani na kwa nini huku kwetu kaskazini. Hilo swali litakuja tu, jiandae, na usijibu "kwasababu ya maisha mazuri". Mi niliwaambia kwetu Kigoma tuna meli inaitwa Liemba, ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, makasha karibu 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar halafu kwa treni mpaka ziwani wakaiunganisha upya, na babu yangu alisafiri nayo mpaka Mpulungu, kwaiyo nataka nije nione walioitengeneza wanakaaje. Yule mama akanyamaza kidogo akasema mume wake ametokea hukohuko. Baada ya wiki mbili nikapata mkataba. Wewe tafuta la kwako, hili limeshatumika.

Mkataba ukija soma mshahara, saa za wiki, likizo, na kama wanakutafutia chumba. Hospitali zinazolipa kwa viwango vya serikali, mwaka wa kwanza ni zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Miezi 6 ya kwanza ni ya majaribio, hapo mtu yeyote anaweza kuvunja mkataba, wao au wewe, kwaiyo miezi hiyo kuchelewa hakuna, kabisa.

HATUA YA 5: VISA

Tangu 2025 maombi ya visa ya muda mrefu yanajazwa mtandaoni kwenye tovuti yao ya konsula, unapakia karatasi zote, wakiridhika ndo wanakuita uende kwa alama za vidole na maswali. Ubalozi uko Dar, Umoja House, mtaa wa Mirambo, na watu wa Tabora mnaweza kutembea hapo kifua mbele. Enzi zangu ilikuwa unasubiri miadi kwanza kama embe msimu haujafika.

Toka Kigoma panga siku mbili kabla. Treni ya reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200 na ikichelewa inachelewa kweli, mi nilipanda basi mpaka Dodoma nikalala kwa rafiki. Siku hizi toka Dodoma kuna SGR ilianza 2024, unafika Dar hata shati halijakunjika.

Mwenye mkataba wa unesi unaolipa kwa kawaida haombwi akaunti ya kuzuia hela. Hiyo inawahusu sana wa chuo kikuu, unaweka benki hela ya mwaka mzima halafu wanakutolea kidogo kidogo kila mwezi, na tangu Septemba 2024 ilikuwa euro 11,904, yaani 992 kila mwezi. Ndo maana nasema kwa mtoto wa mama muuza mawese njia ya mafunzo ina unafuu.

Tiketi ya ndege usinunue kabla visa haijabandikwa. Wiki zinaweza kuwa nyingi, miezi pia.

HATUA YA 6: BEGI

Mi nilikuwa na kilo 23 na nikaona nimeonewa, nikawa nawaza meli ilikuja kwetu na makasha 5,000 mi narudisha begi moja. Koti kubwa la baridi usinunue Kariakoo, ukifika kuna maduka ya mitumba, mazuri na bei ndogo, beba la kukufikisha tu.

Chakula sasa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Ulaya marufuku kuingiza, hata kipande, usibebe nyama ya kukausha ukasema ni kidogo. Ila samaki ruhusa mpaka kilo 20 kwa matumizi yako, kwaiyo dagaa wa Kigoma na migebuka ya kukausha vinapita, mi nilimuonyesha afisa akanusa akarudisha kichwa nyuma akasema endelea. Asali ya Tabora mwisho kilo 2. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, embe usihangaike nalo, ila ndizi, nanasi, nazi, tende na lile durian havidaiwi.

Mawese. Nilibeba lita moja na nusu kwenye chupa ya maji, mfuniko nimeufunga na nailoni na mpira, nikajiona fundi. Nimefungua begi usiku chumbani, kila kitu cheupe kimekuwa cha machungwa, sare mbili za kazi, taulo la bibi, na bahasha ya vyeti. Cheti changu cha form six orijino kina kona ya rangi ya mawese mpaka leo, kila ofisi nnayokitoa mtu anakiinua kwenye mwanga anauliza hii nini, na mi naeleza. Chupa iwe mbili sio moja, usijaze mpaka juu, funga na mfuko halafu ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, na vyeti vyote vikae begi la mkononi. Vyeti havikai begi la chini hata kama huna mawese.

HATUA YA 7: SIKU 14 ZA KWANZA

Ukihamia kwenye chumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya mtaa, wanaita Anmeldung. Unaenda na pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba anayothibitisha umehamia kwake, inaitwa Wohnungsgeberbestätigung, jina refu kuliko mgebuka ila bila hiyo huandikishwi. Ni kama barua ya mwenyekiti wa mtaa tu, ila hapa bila hiyo hata akaunti ya benki inakuwa shida. Miadi omba hata kabla hujaondoka Tanzania.

Pale watakuuliza dini. Ukiandika Mkatoliki au yale madhehebu makubwa ya Kiprotestanti unakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya ile kodi yako ya mapato kutegemea jimbo. Sikwambii udanganye, nakwambia ujue, maana kuna dada wa Kibondo alikuja kushtuka kwenye karatasi ya mshahara akadhani sadaka inakatwa na mashine.

Halafu fanya kitu ambacho hakuna aliyeniambia: bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango siku hiyohiyo. Huku kila kitu kinakuja kwa barua, na posta akikuta jina lako halipo anarudi nayo. Namba yangu ya kodi, Steuer-ID, ilitumwa ikarudishwa, mi nasubiri najua bado, mwisho wa mwezi mshahara wa kwanza umekatwa kodi kana kwamba nina kazi mbili, kwasababu mwajiri alikuwa hana namba yangu na bila namba unawekwa kundi la kodi la 6. Ilirekebishwa baadae hela ikarudi, ila huo mwezi nilikula wali na dagaa siku 19. Karatasi tu ya jina, imekatwa na mkasi, imebandikwa na selotepu.

Bima ya afya ni lazima, unachagua shirika unamwambia mwajiri, wanakata moja kwa moja. Kuna barua nyingine itakuja ya ada ya redio na tivi, 18.36 kwa mwezi kwa nyumba nzima, hata kama huna tivi, usiitupe, mkikaa watu wanne mnagawana. Leseni yako ya Tanzania unaendeshea miezi sita, baada ya hapo mitihani ya kwao.

Chumba kama mwajiri hajakupa tafuta cha kushea. Dhamana isizidi kodi ya miezi mitatu, ile kodi kavu bila joto na maji, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu. Usitume hela ya chumba ambacho hujakiona wala hujaona mtu, matapeli hawapo Kariakoo tu.

HATUA YA 8: HELA

Ile 1,300 na kitu ikishakatwa bima, pensheni na vingine mkononi inabaki elfu moja na kidogo. Chumba changu 370, simu, chakula, nauli. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa nchi nzima ilianza 2023 na euro 49, 2025 ikawa 58, waajiri wengine wanachangia, uliza. Ukipanda bila tiketi ukakamatwa ni euro 60 papo hapo na kondakta havai sare, anaonekana abiria mwenzako tu.

Na nyumbani sasa. Ukifika tu una wapwa ambao hukuwa nao. Mi mwezi wa kwanza nilituma kila aliyeomba mpaka nikakopa hela ya mkate. Sasa hivi nina kiasi kimoja kila tarehe 2 kinaenda kwenye simu ya mama, mengine yote namwambia aongee na mama. Mama akikataa ni mama amekataa. Kuna waliosema nimebadilika, sawa.

HATUA YA 9: KUISHI NAO

Muda. Wakisema halb drei, neno kwa neno ni nusu tatu, mi nikaelewa saa tisa na nusu mchana nikafika nimependeza kabisa, kumbe ni saa nane na nusu, yaani nusu ya kuelekea tisa. Saa nzima nimechelewa, na hapo kichwani bado nabadilisha kutoka saa zetu kwenda saa zao, ni hesabu juu ya hesabu. Kuanzia hapo nikiambiwa muda naandika kwa tarakimu, 14:30, namuonyesha aliyenambia. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba wanasogeza saa nchi nzima, kiangazi Tanzania iko mbele saa moja, baridi saa mbili.

Jumapili maduka yanafungwa, nunua chakula Jumamosi. Kelele mwisho saa nne usiku. Nimewahi kukaanga dagaa na kitunguu baada ya zamu ya jioni, saa tano hivi, madirisha nimefunga kwa baridi, dakika kumi mlango unagongwa, jirani wa juu kavaa kandambili anauliza kama kuna kitu kinaungua. Nikamkaribisha, akaonja mmoja kwa ncha ya uma, akasema wana chumvi. Siku hizi nakaanga mchana dirisha wazi, na yeye nikipita ananiuliza kama leo ni siku ya samaki wadogo.

Dirisha lenyewe utafundishwa kulifungua hata baridi kali, dakika chache asubuhi na jioni, usipofanya ukuta unaota ukungu na mwenye nyumba anakudai. Chupa za plastiki na makopo usitupe, nyingi zina senti 25, unarudisha dukani kwenye mashine inakupa risiti.

Kazini usimwite mgonjwa bibi wala mama, hata awe na miaka 90. Ni Frau, yaani Bi, na jina la ukoo, na ile Sie ya heshima, ichukulie kama shikamoo, usipoitoa mtu anakaa kimya ila amesikia. Mimi siku ya kwanza nilimwita mzee mmoja babu, kwa Kijerumani, kwa mapenzi kabisa, akajibu yeye hana wajukuu.

Desemba kunakucha saa mbili na nusu asubuhi na kiza kinaingia saa kumi jioni. Ukiwa zamu ya asubuhi unaweza kumaliza wiki hujaona jua. Watu wa ziwa hiyo inatupiga vibaya, mi mwaka wa kwanza nilidhani naumwa, daktari akanipa vitamini D akaniambia nitoke nje mchana kila siku ya mapumziko hata kama kuna mvua. Nikaanza kwenda kutembea kando ya mfereji na Mkongo mmoja wa Kalemie, yeye ng'ambo ile mi ng'ambo hii, Kiswahili chake na changu tunacheka njia nzima.

HATUA YA 10: KADI

Visa ya kwenye pasipoti ni ya kuingilia na miezi ya mwanzo tu. Kabla haijaisha unaenda ofisi ya wageni wakupe kadi ya ukaazi, na kadi nayo ina mwisho wake. Omba mapema, kwa maandishi, na uhifadhi ushahidi kwamba uliomba kabla tarehe haijapita, printi hiyo barua pepe iweke kwenye faili. Nunua faili kubwa lenye vyumba, kila barua ya ofisi itoboe iingie humo, hata ambayo hujaielewa. Yangu inaisha Agosti, nimeomba tangu Machi, jana nimepiga simu wakasema wanahitaji nakala nyingine ya cheti cha form six, hii waliyonayo eti ina doa.